Panya Niliowapeleka Kituoni

Mwaka uliofuata uhuru, baba alikuwa mlishaji katika kituo cha kutunzia na kuzalishia ndege wawindaji, nyuma ya Tiwi. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nangoja kazi ya ukarani, na niliona aibu watu walipomwita Baba Kipanga. Sikuwahi kwenda kumtazama kazini hadi mama aliponituma nimpelekee chakula.

Kila aliyemtembelea alitakiwa aende na panya wa kutegwa, wawe chakula cha ndege. Mimi sikuwa nimetega. Nikaingia ghalani, nikaokota watatu waliolala wamekufa kando ya magunia ya mahindi, nikawafunga katika jani la mgomba. Dawa ya panya mle ghalani niliitia mwenyewe, siku mbili kabla.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ehee, karani! Leo umeijua njia?"

Akanishika mkono hadi kwenye tundu la kipanga jike aliyelalia mayai mawili.

"Nyata. Miaka mitatu namwomba atage. Huyu ndiye mke wangu wa pili, mamako asisikie."

Tulicheka pamoja, jambo tulilokuwa tumelisahau. Kisha akafungua lile jani.

"Umewatega?"

Ningesema sikuwatega, angewatupa, na ile furaha usoni mwake ingeondoka.

"Nimewatega."

"Ahsante, mwanangu." Akawakatakata, akamlisha jike na dume lake kwa mkono wake.

Siku ya nne jike alikutwa chini, damu puani. Dume naye akafa jioni. Mayai yakapoa. Mwenye kituo alipouliza, baba alijibu kwamba aliyewalisha ni yeye, hakuangalia vizuri. Akafukuzwa. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Wamekufa," akakaa barazani. Mimi nilichukua jembe nikaenda shamba, ingawa jua lilikuwa limeshazama.

Nikapata ukarani, nikahamia Ukunda. Baba akabaki na mihogo yake. Nilikwenda kila Idi, tukazungumza habari za mvua.

Baada ya matanga yake nilimweleza mama yote. Hakushangaa.

"Alijua. Alikiona kikopo cha dawa ghalani wiki ileile."

"Mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia akuulize. Akasema, 'Mwache, atakuja kuniambia mwenyewe.' Kila ulipokuja Idi, alinituma jikoni nikuacheni peke yenu."