Kuku Aliyevaa Sweta ya Shule

Nilirudi Kitale mwezi wa nne, mvua imeshika, na unajua nilichokiona kwanza? Kuku wanajitembelea tu. Wewe uliyekulia huku unajua zamani hiyo ilikuwa kesi. Mahindi yakishapandwa, kila kuku alifungwa kamba mguuni mpaka mahindi yafike magotini, maana kuku mmoja aliweza kufukua mistari mitatu kabla chai haijachemka.

Mimi nilikuwa na kuku mwekundu, niliyepewa na nyanya yangu wa Bungoma akiwa kifaranga. Nilimpenda kuliko ndugu zangu, na sioni haya kusema. Nikamfunga mguu kama watu wote. Alivutana na kamba kutwa nzima, jioni mguu umevimba. Nikamhurumia, nikamfungua. Asubuhi akaingia shamba la jirani, akala mbegu akashiba. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Akirudi huko mara moja tu, ni sufuria."

Hapo nikakaza roho. Nikamfunika kuku chini ya tenga, nikakata mkono wa sweta yangu kuukuu ya shule, nikashona mikanda miwili: mmoja upite mbele ya mabawa, mwingine nyuma yake, iungane kifuani na mgongoni iwe mkanda mmoja. Kamba ingefungwa mgongoni. Nikamvisha kwa nguvu, nikakaza. Akaanguka kando, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Nilimvua ule mkanda huku nikilia, nikijua karibu nimuue mwenyewe.

Sikuacha. Niliulegeza mpaka vidole viwili vikapita chini yake. Siku mbili niliuweka tu kando ya mtama wake, auzoee. Kisha nikawa naulaza mgongoni mwake akila, nautoa kabla hajakasirika. Halafu nikaufunga kwa muda wa kuosha sahani. Halafu kwa muda wa kuteka maji.

Jirani alikuwa akinichungulia juu ya ua. "Si hiyo ni sweta ya shule? Huyo kuku yuko darasa la ngapi?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba yuko la nne, kama mimi.

Wiki ya pili nikafunga kamba kwenye ule mkanda na kwenye kigingi, nikaondoa tenga. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kuku akaelekea kwa jirani moja kwa moja. Kamba ikanyooka. Akasimama, akajitikisa, akageuka, akaanza kuparura uwanjani kwetu. Mama akashusha mikono, akaenda kukata sukuma, mboga ya jioni. Sijawahi kula sukuma tamu kama ile.

Safari hii nilimkuta jirani amezeeka, ameketi mbele ya vyumba vya kupangisha vilivyojaa pale alipokuwa akilima. Kuku walipita miguuni pake, hawana kamba. Akaniuliza kama yule wangu alimaliza shule. Nikasema alimaliza, akatotoa mara saba.

Tulicheka sana. Kisha akatazama saruji iliyofunika shamba lake la mahindi, akasema, "Hawa hata ukiwafunga, ni kwa sababu gani?"