Dobi wa Banda la Kuzalia

Kabla hajamgusa nguruwe hata mmoja maishani mwake, alikuwa amefua mashuka ya wodi ya wazazi kwa miaka kumi na tisa. Damu, maziwa, matapishi ya watoto, maji ya uzazi: hakuna doa ambalo hakulijua kwa jina na kwa ukoo. Hospitali iliponunua mashine mbili kubwa zenye milango ya vioo, madobi wote sita walipewa barua na kushikwa mkono. Yeye alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, magoti yanayolia kama bawaba, na mume fundi viatu ambaye wateja wake siku hizo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Akajikaza kisabuni, akaenda kuomba kazi kwenye shamba la nguruwe lililokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali.

Walimchukua kwa sababu alisema anajua kuosha. Wiki haikuisha wakawa wanamwita Dobi, na jina likaganda.

"Umetoka kwa watoto wa watu umehamia kwa watoto wa nguruwe," mumewe alimtania siku ya kwanza aliporudi na harufu ya banda. "Afadhali hawa hawavai nepi."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, baba watoto," akamjibu, akiyavua mabuti nje ya mlango.

Banda la kuzalia lilikuwa na vizimba kumi na vinne, saba kila upande, na njia ya saruji katikati. Kila kizimba kilikuwa na kona ya maranda chini ya taa nyekundu ya joto, mahali ambapo watoto wa nguruwe walilala wamepandana kama viazi ndani ya gunia. Kazi ya Dobi ilikuwa kusugua vizimba kabla ya jike kuingizwa, kumwaga maranda makavu, na kuwafuta watoto kwa vitambaa mara wanapozaliwa. Vitambaa hivyo alivifua mwenyewe na kuvianika kwenye waya nyuma ya banda.

Alikuta msiba. Watoto walizaliwa asubuhi wakiwa wekundu, wachangamfu, wanasukumana kwenye chuchu. Siku ya pili wakaanza kuhara maji ya manjano. Siku ya tatu mikia imelowa, macho yameingia ndani, ngozi imekunjamana kama ya wazee. Siku ya nne Dobi alikuwa anawatoa kwa ndoo. Kizimba namba sita kilizaa watoto kumi na wawili, wakabaki wawili. Mchana ule alikaa juu ya gunia la maranda akashindwa hata kunywa chai. Alikuwa ameona watoto wakifa hospitalini, lakini huko hakuwa yeye wa kuwabeba.

Meneja wa shamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na mtu wa kuamini chupa za dawa. Aliagiza kila mtoto anayezaliwa, mzima au mgonjwa, adondoshewe dawa ya kuua bakteria mdomoni. Mwanzoni ilionekana kusaidia. Baadaye ikawa kama kumpigia mbuzi gitaa. Akaongeza kipimo, na kuhara kukaendelea. Suruali yake ikaanza kumlegea kiunoni kwa mawazo.

Ni vitambaa vilivyomfungua Dobi macho. Siku moja alipokuwa anavitoa kwenye beseni, akagundua kwamba cha kizimba namba tisa hakikuwa na doa la manjano. Kesho yake hakikuwa nalo. Keshokutwa pia. Kizimba hicho kilikuwa cha jike mkubwa mwenye sikio lililochanika, ambaye wafanyakazi walimwita Bibi. Ulikuwa uzao wake wa saba.

Dobi akatafuta chaki. Juu ya mlango wa kila kizimba akawa anachora mduara watoto wakihara na mstari wakibaki wazima, na pembeni anaandika jike yule amezaa mara ngapi. Hakumwambia mtu. Wiki tano baadaye milango ilikuwa inazungumza yenyewe: miduara karibu yote ilikuwa na namba moja, na mistari ilikuwa na tano, sita, saba.

Majike hao wa uzao wa kwanza walikuwa wageni. Meneja alikuwa amewaleta ishirini kwa mpigo kutoka shamba la mbali, na wale wa zamani akawa anawauza mmoja mmoja, kwa kuwa walikuwa wazito na mara nyingine waliwalalia watoto wao. Walikuwa wamebaki watatu tu. Bibi na mwenzake walikuwa wameshaachisha watoto na walikuwa wanasubiri lori la machinjioni siku ya Alhamisi. Wa tatu alikuwa na mimba ya siku za mwisho.

Siku ya Jumanne daktari wa mifugo alifika na majibu ya maabara. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, asiyepoteza maneno.

"Bakteria waliopatikana kwenye kinyesi wameshaizoea dawa yenu," alimwambia meneja. "Haiwafanyi kitu tena."

"Basi niandikie kali zaidi, daktari."

Dobi alikuwa anasugua sakafu hatua tatu kutoka kwao. Akaegemeza brashi ukutani, akajifuta mikono.

"Samahani, meneja. Lori lisije Alhamisi."

Meneja aligeuka. "Dobi, mama yangu, wewe kazi yako ni kuosha."

"Ndiyo, na ndiyo maana nasema. Doa halifuliwi kabla hujajua limetoka wapi. Njooni mnisomee milango yangu."

Alitembea mbele yao, kizimba hadi kizimba, akigusa chaki kwa kidole. Hakueleza sana. Walipofika namba tisa, daktari alirudi nyuma peke yake, akaanza kusoma upya kutoka mwanzo, midomo ikimchezacheza. Alivua miwani.

"Mama, nani amekufundisha hivi?"

"Mashuka, mwanangu. Kule wodini manesi walikuwa wanawapigia kelele wazazi kila siku: maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, usiyamwage, ndiyo kinga ya mtoto. Nikajiuliza, hawa wageni wana maziwa, lakini hayo maziwa yanajua nini?"

Daktari akacheka kwa furaha. Kisha akamweleza meneja taratibu. Bibi na wenzake walikuwa wameishi na bakteria wa shamba hili miaka mingi; miili yao imewajua, imetengeneza kinga dhidi yao, na kinga hiyo hupita kwa mtoto katika maziwa ya kwanza, hasa saa chache baada ya kuzaliwa. Wageni hawajakutana na bakteria hao vya kutosha, kwa hiyo maziwa yao hayana silaha inayohitajika hapa. Halafu ile dawa anayodondoshewa kila mtoto inaua pia bakteria wema ambao wangejaza utumbo na kuwanyima wabaya nafasi.

"Kwa hiyo nimekuwa nawafukuza walinzi na kuuza silaha," meneja alisema polepole.

"Hukujua," daktari akamjibu.

Meneja alipitisha kidole juu ya mduara mmoja wa chaki. Kisha akatoa simu mfukoni akampigia mwenye lori. "Usije. Hapana, si wiki ijayo. Usije kabisa." Akamgeukia Dobi. "Jungu kuu halikosi ukoko. Niambie unataka nini."

"Maziwa ya kwanza ya yule mzee mwenye mimba, niwanyweshe watoto wa mgeni," akasema Dobi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, yule jike wa tatu wa zamani akaanza kuzaa, na kama bahati, jike wa kizimba namba nne naye, mgeni wa uzao wa kwanza, akaanza saa ile ile. Dobi alikuwa ameshawaosha wote wawili matiti kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Daktari, aliyekuwa amerudi kwa kazi hiyo, alimwonyesha jinsi ya kukamua. Jike anapozaa maziwa hutoka kwa wepesi, lakini yanahitaji vidole vyenye subira na nguvu, na vidole vilivyokamua mashuka miaka kumi na tisa vilikuwa navyo vyote viwili. Alikamua kidogo kila chuchu, asiwapunje watoto wa jike huyo, mpaka kikombe kikajaa maziwa ya manjano, mazito kama uji.

Akavuka njia ya saruji hadi namba nne. Watoto kumi na mmoja. Kila mmoja alifutwa, akanyweshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akawekwa chini ya taa, kisha akarudishwa kwa mama yake. Saa sita wakanyweshwa tena. Hakuna aliyedondoshewa dawa. Meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa anawashika, kwa uangalifu wa baba wa mtoto wa kwanza.

Siku ya pili Dobi aliinua mikia yote kumi na mmoja: mikavu. Siku ya tatu mmoja alihara kidogo. Wakampa maji ya chumvi na sukari, jioni akawa anapigania chuchu. Siku ya nne, ile ya ndoo, alifika mapema kuliko wote, akafungua mlango wa banda, akaenda moja kwa moja namba nne. Kumi na mmoja. Akahesabu upya, kwa sababu walikuwa hawatulii. Kumi na mmoja.

Alipoinua uso, meneja alikuwa mlangoni.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wote," akasema Dobi, na ndipo machozi yakamtoka.

Baada ya hapo Bibi na mwenzake waliwekwa pamoja na majike wenye mimba, wiki sita kabla ya kuzaa, ili wageni wazoee bakteria wa mahali hapa mapema. Dawa ikabaki kabatini, ikisubiri mgonjwa wa kweli na neno la daktari. Uzao uliofuata wa wageni haukuhitaji kikombe. Maziwa yao yenyewe yalikuwa yamejua.

Ndoo ya mizoga ilikaa wiki tatu bila kushikwa. Mtu akaichukua akaanza kubebea maranda. Meneja alimkabidhi Dobi funguo za banda zima na kumwambia atakayeingia humo, hata yeye meneja, atapiga hodi. Watu wa mashamba mengine wakaanza kuja na madaftari. Dobi aliwapa kwanza brashi, halafu chaki, halafu maneno.

Siku ya kuachisha watoto wa uzao huo, mumewe alifunga kibanda chake cha viatu akaja kuona. Alisimama nyuma ya uzio, mkono puani. Dobi akafungua vizimba kimoja baada ya kingine, na watoto mia na kumi na nane, wanene, wenye kelele, wakamiminika kwenye njia ya saruji wakikanyagana kuelekea mwanga. Wawili wakapenya chini ya uzio wakaanza kutafuna kamba za viatu vya fundi.

"Mke wangu," alisema, akiinama kuwaondoa bila kufaulu, "hawa wote ni wako?"

"Wote," akasema Dobi, na akaendelea kufungua milango.