Kona Iliyofuata Chai ya Mama

Enzi zetu, kabla watoto hawajaanza kupiga chafya na kuliita vumbi "alaji", barabara ya kutoka Mugutha kuingia Theta ilikuwa ya maramu, ule udongo mwekundu, na sisi tulikuwa rangi moja nayo. Ulitoka nyumbani na soksi nyeupe, ukafika shuleni na nyekundu, na mwalimu hakuuliza kwa sababu zake zilikuwa vivyo hivyo. Tulicheza gololi za banyo katikati ya njia, tumepiga magoti, na waliotufukuza ni ng'ombe tu.

Barabara yenyewe ilipinda kama mlevi anayetafuta kwao. Wageni walidhani inakwepa mawe. Haikukwepa chochote, ilikuwa inafuata chai.

Greda ya kusawazisha njia ilikuja mara mojamoja, hasa uchaguzi ukinukia. Dereva wake alikuwa mzee wa tumbo tuliyemwita Bwana Maramu. Ramani hakuwa nayo. Alichonga njia akielekea palipokuwa na kikombe. Kwa hivyo akina mama walisimama kila mmoja langoni pake na birika, maana lango likiwa mbali na njia, gari la maziwa halikufikii, wala wageni. Jirani yetu Mama Kimani alimpelekea turungi isiyo na tone la maziwa, na barabara ikampita kwa mbali sana. Mama yangu alichemsha maziwa yote ya asubuhi, akatia majani, akaweka nduma za kuchemsha kando. Sisi tulimeza mate.

"Mwacheni ale kwanza," alituambia. "Nyinyi mtakula barabara ikishafika."

Bwana Maramu alikunywa, akaguna, akakata usukani. Tulikimbia nyuma ya greda miguu mitupu, tukinusa udongo mbichi, hadi ilipofika langoni kwetu. Hivyo ndivyo tulivyopata kona.

Kona hiyo ilikuwa baraka. Kila aliyefika pale alipunguza mwendo, mama akamsalimia, na aliyesalimiwa hakuponyoka bila kikombe. Tangu baba afariki na sisi watoto tuhamie Ruiru na Thika, kona ndiyo imekuwa ikimletea mama watu wa kuongea nao.

Sasa mwaka huu lami imekuja. Mama akanipigia simu.

"Njoki, hawa watu wananyoosha barabara. Wataniachia nyasi."

Nilishikwa na uchungu, kwa sababu nilijua hasemi habari ya nyasi. Nikaenda Jumamosi. Nilipofika jikoni, maziwa yalikuwa motoni na nduma zimeshamenywa. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa.

Dereva wa greda ya siku hizi ni kijana mwembamba mwenye waya masikioni, wale ambao hata kwenda chooni wanaulizia simu njia. Mama alimpungia kikombe. Kijana akashuka, akanywa chote, akaongezewa, akala nduma hadi ya mwisho. Mimi nilianza kushangilia kimoyomoyo.

"Shosh, hii chai ni moto wa kuotea mbali," akasema. "Lakini hii njia iko kwa kompyuta. Nikikata kona, injinia ananifuta kazi."

"Na hiyo kompyuta hainywi chai?"

"Zii, shosh. Hainywi."

"Basi leta kikombe changu."

Lami ikanyooka. Ikapita nyuma ya boma, upande wa choo. Mbele, kwenye kona yetu, kumeota nyasi ndefu na mbuzi wa Mama Kimani wanajilia bila aibu. Bodaboda zinapaa huko nyuma, na anayegeuza kichwa kusalimia anasalimia choo chetu.

Nilimwambia mama aje tukae naye Ruiru. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Niende Ruiru nikasalimie ngazi za ploti ya wapangaji? Nitafutie fundi. Choo kihame, na ule ua wa nyuma ukatwe, niweke lango."

Enzi zetu barabara ilimfuata mama hadi mlangoni. Siku hizi, na magoti yake hayo, mama ndiye anayeifuata. Inaniuma, sifichi. Fundi bado hajamaliza choo kipya, lakini ua umeshakatwa, na kila asubuhi mama anaketi kwenye pengo hilo, kando ya choo cha zamani, na themosi ya chai magotini. Jana alinipigia simu akicheka: pikipiki moja imesimama.