Nilipeleka mathe palace ya Vienna, akabeba sukari ya matanga

Wakuu, sasa. Hii si story za jaba, nilikuwa hapo mwenyewe. Kama hupendi machozi kidogo, pita tu.

Mimi ni fundi wa stima, naishi Kangemi na mathe. Mzee alituacha mwaka jana, na tangu tumzike mathe akanyamaza. Ukimuuliza, "Niko sawa." Anapika, kanisa anaenda, lakini si yeye. Niliogopa tutampoteza pia.

So sisi watoto tukakubaliana nyumbani hakuna kutaja mzee mbele yake. Hata picha yake tukaitoa sitting room.

Sister yangu Nafula ni nurse huko Vienna. Akatuma ticket mbili, akasema nimlete aone dunia. Mambo ya visa wacha tu, nilizeeka.

Siku ya pili baada ya kufika, Nafula akiwa job, nikaamua twende palace, ile ya wafalme wa zamani. Siku hizi ni museum. Mathe akauliza kama wenyewe wako. Nikamwambia walikufa wote kitambo.

Akarudi jikoni, akachukua paketi ya sukari ya Nafula, akatia kwa handbag.

"Mathe, hiyo ni ya nini?"

"Si umesema kuna kifo? Utaingia kwa watu mikono mitupu?"

Nilidhani ni mzaha.

Kwa mlango wanakagua mabeg. Askari wa hapo, mama wa makamo, akatoa sukari akaigeuza geuza. Nikamweleza na kizungu changu cha site: kwetu ukienda kwa waliofiwa unabeba sukari ya chai. Akamwangalia mathe, akairudisha kwa handbag pole pole.

Aki hiyo nyumba. Dari ni dhahabu, vioo ukuta mzima. Mimi nilikuwa natafuta tu waya wamepitisha wapi.

Room moja kulikuwa na picha kubwa ya mama amevaa nguo nyeusi. Nikamsomea mathe: huyu alikuwa malkia, bwana yake akafa, akavaa nyeusi mpaka naye akafa.

Mathe akakaa kwa bench.

"Pole sana, mama," akaambia ile picha. "Wangu pia aliniacha. Anaitwa Josephat."

Wakuu, sikuwa nimesikia hilo jina kwa mdomo wake tangu mazishi.

Akaendelea na Kiswahili chake, watalii wakipita. Vile Josephat aliingia choir ndio awe karibu na yeye, na hajui kuimba. Vile alikuwa haezi lala kabla arudi kuangalia geti. Analia, anacheka. Halafu akanigeukia.

"Huyu wamemuwekea picha kubwa hivi. Nyinyi ya baba yenu mlitoa kabla hata machozi yakauke. Nilidhani mmemsahau."

Hiyo iliniingia. Sisi tulikuwa tunamkinga asiumie, kumbe tulimwacha alie peke yake. Nikakaa kando yake nikalia pia, mtu mzima na ndevu zangu.

Tukitoka akampea yule askari sukari. Alikataa kwanza, halafu akapokea na mikono mbili.

Nilichojifunza: mtu akifiwa, usimnyamazie. Mtaje mtu wake.

Kama kuna wako alienda, andika hapo chini jina lake na kitu alikuwa anapenda kufanya. Wacha nianze mimi.

Josephat, mzee wangu. Alikuwa anapiga pasi mpaka soksi.