Ukingo Usioonekana

Mjomba wangu ananyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Huu ni mwaka wa thelathini, nyundo mkononi na maneno makali mdomoni. Mimi nachora maumbo ya magari kwa kompyuta, na siku niliyompelekea sampuli ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, niliyoichora mwenyewe, kichwa kilikuwa kimenivimba.

Hata hakuitazama. Alifunika kiganja kwa kitambaa chembamba ili ngozi isikwame, akafumba macho, akaipapasa polepole kama anayebembeleza mtoto. Ghafla mkono ukasimama.

"Hapa pana ukingo."

"Mjomba, hapo hapana kitu! Mipindo miwili imekutana, tena yote inaelekea upande mmoja."

"Kukutana imekutana. Haijazoeana."

Nilirudi kwenye kompyuta yangu nimenuna, nikaiagiza inionyeshe mstari unapinda kiasi gani kila mahali. Palepale alipogusa, kipimo kiliruka kama kipandio cha ngazi: mstari uliokuwa ukipinda sana ulianza mara moja kupinda kidogo. Jicho halilioni jambo hilo. Mimi nimelisomea miaka minne. Yeye shule aliiachia darasa la nne.

Kesho yake nikamwendea, nimenywea kabisa. "Mjomba, ulijuaje?"

Akanirushia kitambaa. "Fumba macho kwanza. Yana haraka sana hayo."

Nikafumba, nikaipapasa ile sampuli taratibu, na kiganja changu kikajikwaa.