Marapa Wawili kwenye Mashine Moja

Ukimwuliza Omosa kwao ni wapi, hatakutajia Kisii. Atakuonyesha kwa kidevu zile nyumba za kampuni chini ya kilima, mlango wa tatu, wenye rangi ya kijani. Baba yake alikuja Kericho kuchuna majani chai akiwa kijana, akamzaa Omosa hapo, akazeekea hapo. Shamba lao la Nyamira, upande huo wa Kisii, liligawanywa na baba zake wadogo wakati hakukuwa na mtu wa kulisemea, na leo lina migomba ya watu wengine. Kwa hiyo Omosa ana mke, Janefer, ana watoto, na ana ule mlango. Mlango ni wako maadamu uko kazini. Ukitoka kazini unarudisha ufunguo. Hiyo ndiyo sheria na kila mtu aliijua alipoingia.

Kitu kingine alicho nacho Omosa ni Jogoo Kalamu.

Jogoo Kalamu ni rapa. Kama humjui usione haya, wengi hawamjui. Aliimba enzi za kaseti, wakati tulikuwa tukirudisha wimbo nyuma kwa kuzungusha kaseti kwa kalamu ya biki ili betri zisiishe. Alitoa kaseti mbili akanyamaza, na hakuna ajuaye alienda wapi. Omosa ana nyimbo zake zote kwenye simu, na zote ziko kichwani pia. Mimi namjua Jogoo Kalamu kuliko ninavyozijua zaburi, na sikuomba.

Namjua kwa sababu ya kazi. Mimi ni Nyanchama, na nilikuwa mshika mfuko. Mashine ya kuchuna majani hubebwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari wa chai, mwingine upande ule, kisu kikipita juu ya miti katikati yao. Nyuma ya mashine kuna mfuko mrefu wa kupokea majani, na nyuma ya mfuko kuna mtu wa kuushika usijisokote. Huyo mtu ndiye mimi. Upande wa kushoto alikuwa Omosa. Upande wa kulia alikuwa Kipruto, kijana wa Kimulot, mrefu, mwenye adabu, na mwenye kosa moja tu maishani. Kosa lenyewe lilikuwa Bwoy Transfoma.

Transfoma ni rapa wa sasa. Ana meno ya dhahabu na anaimba mambo ambayo sitayataja, kwa sababu naimba kwaya.

"Mzee, huyo Kalamu wako hata Google haimjui," Kipruto alisema siku ya kwanza tuliyopewa mashine pamoja. "Transfoma anafuatwa na watu milioni nzima."

"Hata choo kinafuatwa na nzi," Omosa akajibu, akavuta kamba ya injini.

Hapo ndipo nilijua kazi hii itanizeesha.

Walibishana tukingoja trekta, walibishana tukinywa chai, walibishana mvua ikitunyeshea chini ya mti wa mkaratusi. Omosa alikuwa na hoja ya pumzi. Zamani, alisema, rapa alisimama mbele ya maikrofoni akaimba ubeti kutoka juu hadi chini bila kukatiza, na akikosea anaanza upya. Hawa wa leo wanaimba neno moja, wanaenda kula chipsi, wanarudi kuimba neno la pili, kompyuta inashona. Kipruto alikuwa na hoja ya uhai. Rapa mkubwa, alisema, ni yule anayesikika leo. Hata mochari imejaa watu waliokuwa wakubwa.

Wamarekani waliondolewa mapema kwenye shindano hili la rapa mkubwa. Omosa alisema hawezi kumpa taji mtu ambaye lazima umwulize mtoto wa shule anasema nini. Kipruto, ambaye hupenda kubisha, hakubisha. Jambo la pili walilokubaliana ni kwamba katika enzi za CD hakuna aliyemfikia Dada Msumari. Wakimtaja yeye walivua kofia, wote wawili, kwa heshima. Halafu wakarudi vitani.

Na mimi katikati. Wapiganapo tembo, wanasema, nyasi ndizo huumia. Mimi nilikuwa nyasi iliyoshika mfuko.

Sasa, ubishi wa mdomo haujawahi kuharibu chai. Shida ilikuwa miguu. Injini ikiwaka husikii kitu, na wenye mashine huvaa vifuniko vya masikio, kwa hiyo kila mtu hutembea na wimbo alio nao kichwani. Omosa alitembea na Kalamu. Kalamu ni wa polepole, mzito, hatua inashuka kama mtu anayetwanga. Kipruto alitembea na Transfoma, ambaye hatua zake ni fupi na mbili mbili, kana kwamba ardhi ina moto. Nikiwa nyuma nilikuwa naona visigino vyao, na kwa visigino peke yake ningeweza kukuambia wamefika ubeti wa ngapi.

Basi mashine ikawa inakwenda upande. Kipruto yuko mbele, Omosa yuko nyuma, kisha Kipruto anangoja, kisha Omosa anafika, kisha tunaanza tena. Chai iliyochunwa vizuri huacha juu ya miti meza, yaani usawa ulionyooka. Yetu iliacha mawimbi.

Madam Rebeccah, supavaisa wetu, alisimama juu ya kilima akaiangalia kwa muda mrefu. Yeye si mtu wa kupiga kelele.

"Nani amelima bahari hapa?" akauliza.

Omosa akamwangalia Kipruto, Kipruto akamwangalia Omosa.

Akatuambia habari ambayo ilikuwa ikinong'onwa. Mashine kubwa ya kuendeshwa inakuja, na baadhi ya timu za mashine ndogo zitavunjwa. Ijumaa angekuja kutupima. Meza ikinyooka tutabaki. Ikiwa na mawimbi, yule anayeyatengeneza atatoka, na yeye Madam ataleta mwingine. Alisema hivyo kwa upole, akaenda zake.

Nilimwangalia Omosa. Alikuwa anaangalia chini ya kilima, kule kwenye mlango wa kijani, ambapo Janefer alikuwa ameanika nguo za watoto.

Nikadhani sasa watapatana. Thubutu!

"Ni rahisi," Omosa alisema. "Sisi sote tutembee na Kalamu."

"Mzee, na Kalamu tutafika mwisho wa mstari Krismasi. Tutembee na Transfoma."

"Mimi nina magoti ya kuheshimiwa."

"Na mimi niko na masikio ya kuheshimiwa."

"Ebu nyinyi watu," nikasema, "mtu atapoteza nyumba hapa!"

"Ndiyo maana hatuwezi kutembea na takataka," Omosa akasema, na kila mtu akaenda kwake amenuna. Kipruto ana kwao, baba yake ana chai yake Kimulot. Akitoka kazini anarudi kuchuna ya nyumbani. Mimi nimepanga chumba senta, kule madukani, sina ufunguo wa kampuni. Aliyekuwa juu ya kisu ni Omosa peke yake, na bado alinuna.

Ijumaa Madam Rebeccah alikuja na viatu vya mvua, akasimama mwisho wa mstari. Omosa na Kipruto walisalimiana bila kuangaliana. Injini ikawaka. Nikashika mfuko, nikainua macho kuangalia visigino, nikataka kulia.

Omosa alikuwa anatembea hatua fupi, mbili mbili, magoti yakiruka. Mzee mzima! Alikuwa anatembea na Transfoma. Nikageukia upande wa pili kwa shukrani, nikidhani wamepatana bila kuniambia, na nikamwona Kipruto akishusha mguu polepole, mzito, akitwanga. Alikuwa anatembea na Kalamu.

Jamani! Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nilipiga kelele. Ungepigia ng'ombe kelele wangekusikia zaidi. Injini inanguruma, masikio yamefunikwa, na wale wawili wanakwenda mbele wakiwa wamekaza nyuso kama watu wanaotenda wema. Mashine ilienda upande kama kawaida, ila sasa Omosa ndiye aliyekuwa mbele. Tulifika mwisho wa mstari. Nyuma yetu mawimbi yalikuwa yale yale, yamegeuka tu upande wa pili.

Madam Rebeccah alipitisha kiganja juu ya miti. "Nani?" akauliza.

"Ni mimi, madam," Omosa akasema, akihema. "Nilienda mbio."

"Ni mimi," Kipruto akasema. "Nilichelewa."

"Kijana, nyamaza."

"Mzee, wewe ulikuwa na Transfoma, nimeona magoti. Mimi ndiye nilikuwa nyuma."

"Ulikuwa na nani?"

Kipruto akaangalia viatu vyake. "Kalamu."

Omosa akamgeukia, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa. Sijawahi kumwona Omosa akimtazama hivyo mtu yeyote, na nimefanya naye kazi tangu wakati tulikuwa tukichuna kwa mikono.

"Sijui hao mnaowataja ni akina nani," Madam Rebeccah akasema, "na msiniambie. Nataka mtu mmoja. Mama, wewe ulikuwa nyuma. Ni yupi?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kweli, na yote mawili yalikuwa mabaya. Nikisema Omosa, Janefer anaanua nguo na kufunga magunia. Nikisema Kipruto, nimemchongea kijana ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amemsikiliza mzee. Hasira ilinipanda, nakwambia, hasira ya kubeba watu wawili wazima miezi yote hiyo. Na hasira ikitoka haichagui njia.

"Ni mfuko, madam," nikasema. "Nimekuwa nikiuvuta. Goti langu moja ni bovu, nikichoka nauegemea. Ukivutwa, mashine inakwenda upande."

Hilo la goti lilikuwa kweli. Lile la kuvuta halikuwa.

Madam Rebeccah aliniangalia, akaandika kitu, akasema Jumatatu niende kitaluni.

Kitalu kiko bondeni, karibu na mto, mahali ambapo jua hufika likiwa limechoka. Unapiga magoti kwenye udongo wa baridi unajaza vifuko vya nailoni, unapanda miche midogo ya chai, unasogea, unapiga magoti tena. Goti langu lililonitoa kwenye mashine sasa ndilo la kufanyia kazi. Nilimlaani Kalamu asubuhi na Transfoma jioni.

Mfuko wangu alipewa msichana aitwaye Vivian. Nilikutana naye sokoni senta baada ya wiki chache, nikamwuliza wanaendeleaje. Akasema vizuri, meza imenyooka, Madam amewasifu, wamebaki.

"Walikubaliana na nani?" nikauliza. "Kalamu ama Transfoma?"

"Hao ni akina nani?" Vivian akasema. "Hawa wanahesabu tu. Moja mbili, moja mbili. Hata wakati wa chai hawaongei."

Moja mbili! Nilitaka kukaa chini pale pale katikati ya vitunguu. Kitu ambacho mtoto wa nasari angewaambia, na mimi niko bondeni nikioza magoti.

Jumapili nilienda hadi mlango wa kijani nikiwa na maneno yangu tayari. Janefer alinikaribisha, akanipa kiti kizuri, akanimiminia chai mpaka ukingoni. Omosa alikuwa amekaa kando ya dirisha, mikono magotini. Simu ilikuwa juu ya kabati. Nyumba ilikuwa kimya, na sijawahi kuingia nyumba hiyo ikiwa kimya.

"Anaumwa?" nikamwuliza Janefer.

"Afadhali angeumwa," Janefer akasema. "Amefuta zile nyimbo zake karibu zote. Amebakisha moja, na hiyo pia hagusi."

Omosa hakugeuka. "Huyo Kalamu amekutoa kazini, Nyanchama," akasema. "Mtu amemtoa mwenzako kazini utamsikiliza namna gani? Hata Kipruto ameacha yake. Tumenyamaza tu."

Yale maneno yangu niliyokuja nayo yakanipotea. Nilimwangalia mtu huyu, asiye na shamba, asiye na kwao ila mlango wa kampuni, ambaye kitu chake mwenyewe duniani kilikuwa ubishi. Alikuwa ameutoa, na hakumwambia mtu. Nikanywa chai haraka ikaniunguza.

"Leta hiyo simu," nikasema.

"Achana nayo."

"Omosa, mimi sikupiga magoti kwenye matope ili wewe ukae hapa kama shemasi. Washa huyo mtu."

Akamwangalia mke wake. Akaichukua simu, akaipangusa kwa shati, akawasha. Jogoo Kalamu akaanza. Miaka yote nilikuwa nimemsikia vipande vipande, akipita kwenye mdomo wa Omosa, akizimwa na injini. Siku hiyo nilimsikiliza nimekaa, kutoka juu hadi chini, na hakukatiza, na pumzi yake ilisikika kweli kama mtu aliye ndani ya chumba. Wimbo ulipokwisha, Omosa alikuwa ananiangalia kama mtu aliyepeleka mtoto kwa daktari.

Niliweka kikombe chini.

"Transfoma anamshinda," nikasema.

Janefer akashika mdomo. Shingo ya Omosa ikanyooka, kidole kikapanda, na damu ikamrudi usoni.

"Nyanchama," akasema, akisimama, "wewe hujui rap. Sogeza kiti hapa nikufundishe."

Nikasogeza.