Salamu za Madame Emérence

Mtu akiniuliza habari za Madame Emérence, mwalimu wa kilasi ya tatu ambaye mlima wetu wote wa Kadutu unamsifu, humwambia kwanza kwamba nilimchukia. Sitaki kuanza na uongo. Nilimwonea wivu tangu siku alipohamia kwenye nyumba iliyo juu ya kwetu, na ugonjwa tulioupata sote wawili haukuupunguza wivu huo hata kidogo. Uliunenepesha.

Mwaka wa 1983 tulikatwa titi, yeye la kulia, mimi la kushoto, kwa tofauti ya majuma mawili. Saratani, wakasema. Masista wa parokia walihangaika na barua mpaka tukapata nafasi Nairobi, kwenye mashine ya miale. Tulisafiri pamoja, tukalala chumba kimoja majuma sita, tukachorwa kifuani kwa wino wa zambarau ambao tulikatazwa kuuosha. Hata kule alinishinda. Siku ya nne alikuwa tayari anakiongea Kiswahili chao, manesi wakimwita mwalimu na kumletea chai ya maziwa. Mimi nikiomba maji tu walicheka namna ninavyotamka.

Tulirudi mwezi wa kumi na moja, wembamba lakini hai. Misa ya shukrani ilisomwa kwa majina yetu mawili, lake likitangulia. Nikasema moyoni, haya, acha litangulie, mimi nina watoto watatu na yeye hana hata mmoja. Ndivyo nilivyokuwa nikijituliza.

Baada ya Noeli pumzi yangu ikaanza kuniacha. Niliinama kupuliza makaa ya mbabula, jiko letu, nikapuliza mara moja, mara mbili, na ya tatu haikuja. Nilibaki nimeinama pale mdomo wazi, moshi ukiniingia, mpaka binti yangu Yolande akanivuta kwa nyuma. Halafu kikaja kikohozi kikavu na kihoma cha jioni. Kadutu ni mlima. Huwezi kwenda popote bila kushuka, na huwezi kurudi bila kupanda, na mimi kila nilipopanda nilifika mlangoni midomo imekuwa ya buluu.

Munganga wa dispensari alinisikiliza kifua, akauliza kama nakonda, akaandika: kifua kikuu. Yale makohozi machache niliyoyapata kwa kujilazimisha yalipimwa mara tatu, na mara tatu hayakuonyesha kitu. Akasema nitachomwa sindano hivyo hivyo, mwaka mzima. Barua niliyotoka nayo Nairobi ilikuwa ya Kiingereza. Alisoma tarehe na namba, akairudisha kwenye faili.

Neno lile likapanda mlima kabla yangu. Juma halikuisha, mama mkwe akafika kutoka Nyangezi na kuwachukua watoto: Yolande wa miaka tisa, Placide wa sita, na Bisimwa wa miaka miwili ambaye bado nilikuwa nikimbeba mgongoni. Walishuka asubuhi, Yolande na mfuko wa nguo kichwani, Bisimwa akinyoosha mikono juu ya bega la bibi yake. Kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu. Cyprien, mume wangu, karani wa posta, akahamia kulala sebuleni. Alisema watoto watarudi nikipona, na kwa jinsi alivyoniangalia sikuona kama aliitarajia siku hiyo.

Jioni moja akaniletea sombe kwenye sahani yangu ya peke yangu, akasimama mlangoni.

“Angalia Madame Emérence,” alisema. “Mulienda pamoja, mulirudi pamoja. Yeye iko anafundisha, iko anapanda mulima. We huo bugonjwa ulitoa wapi?”

Tangu siku ile nilifanya kazi moja tu: kumtazama Emérence.

Nyumba yetu ina dirisha linaloangalia njia ya udongo inayotoka barabarani. Kila siku, saa saba mchana, shule ikitoka, alitokea pale chini na kikwembe chake safi na madaftari kwenye kikapu. Na kila siku alikuwa na watu wake wa kusalimia. Alisimama kwa Mama Rosalie, anayeuza mikate ya kukaanga. Alisimama kwa fundi wa viatu. Alisimama kwa Muzee Stanislas, mshonaji mwenye cherehani barazani, na pale ndipo alipokawia zaidi. Hata Jumamosi ya salongo, wote tukilazimishwa kufagia mifereji, yeye alionekana ameegemea fagio akimsikiliza mkubwa wa mtaa. Watu walisema, yule mama ana moyo, ametoka kwenye kifo na bado anatuulizia habari za nyumbani. Mimi nilipita kwenye malango yale yale nikitoka kwenye sindano, moja kwa moja, kichwa chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kusalimiwa na kifua kikuu. Wakasema nina kiburi.

Lango moja tu hakusimama kamwe. La kwangu. Alipofika hapo aligeuza uso upande wa pili, akapita. Tulikuwa tumelala chumba kimoja majuma sita, nimemshikia beseni akitapika, na leo ananipita kana kwamba mimi ni shimo la takataka. Wivu uliniunguza mpaka nikaanza kuomba. Nilishika rozari saa saba mchana, pale dirishani, nikamwomba Mungu ampe Emérence hiki alichonipa mimi. Sikuomba kingine. Hata watoto wangu niliwaombea usiku, lakini saa saba ilikuwa yake.

Siku moja ya mwezi wa tatu sindano ilichelewa, nikajikuta napanda nyuma yake. Hakuniona. Nilikuwa nimechoka, nikipiga hatua tano na kusimama, na nikashangaa kwamba, hata hivyo, haniachi. Alisimama kwa Mama Rosalie akamuuliza habari za binti yake aliyeolewa Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu. Ni swali la kijinga kwa mtu mwenye haraka, maana Mama Rosalie akianza habari za Luhwindja hamalizi. Emérence alinyamaza kabisa. Alitikisa kichwa tu, mdomo umefungwa, mkono juu ya nguzo ya lango.

Kwa fundi wa viatu, vilevile: swali fupi, jibu refu, mkono kwenye nguzo. Tulipofika kwa Muzee Stanislas nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona shingo yake.

“Muzee, ile kesi ya shamba ya Walungu, ilifika wapi?” aliuliza, na maneno ya mwisho yalitoka bila sauti.

Muzee Stanislas akaacha cherehani, akaanza tangu babu yake. Mimi nilitazama mabega ya Emérence. Yalipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Kucha zilizoshika nguzo zilikuwa za buluu. Nilizijua kucha zile, zilikuwa zangu.

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilinijaa kifuani pasipokuwa na nafasi hata ya hewa. Nilisogea mbele niseme kwa sauti, Muzee asikie, na Mama Rosalie asikie, na Cyprien aambiwe jioni: huyu naye anayo, huyu mtakatifu wenu hawasalimii, anapumzika. Nilifungua mdomo na pumzi ikakataa. Badala ya neno kikatoka kikohozi. Emérence akageuka, akaniona, akajaribu kukizuia cha kwake, kikamshinda. Tukakohoa pale langoni, mimi na yeye, tumeinama kwa pamoja, kile kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

Muzee Stanislas akaleta benchi, akasubiri tumalize.

“Nyinyi bawili munakohoa sauti moja,” alisema. “Sawa batoto ba mama moja.” Akaingia ndani kutafuta maji.

Emérence alinishika kikwembe. “Mama Yolande, usiseme. Tafazali.”

“Tangu siku gani?”

“Tangu masomo ilirudi kisha Noeli.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Niliona vile balikufanya. Niliona batoto bako banashuka, na ule mufuko.” Alitulia, akavuta hewa. “Mi bangu ni bale ba kilasi, makumi tano na mbili, kila asubui. Nikisema niko nakohoa, directeur wa masomo ananitoa mu kilasi siku ile ile.”

“Na kwangu? Unasalimia bote, hata mbuzi ya Mama Rosalie. Kwangu unapita.”

“We ungejua,” alisema. “Bale bengine habajue kitu. We ungeniangalia mara moja tu.”

Nilitaka kubaki na hasira yangu, lakini kitu kingine kilianza kunizunguka kichwani. Hajaingia kwangu hata siku moja. Mimi sijaingia kwake. Hatujanywa maji ya kikombe kimoja tangu Nairobi. Kama ni kifua kikuu, nani alimwambukiza? Tulichoshiriki ni mashine ile na wino ule wa zambarau.

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba kuna hospitali nyingine kule mjini yenye munganga wa radio, anayepiga picha za kifua, na kwamba nikienda peke yangu ataniona nina kifua kikuu kama wenzake, lakini wawili hawezi kutupuuza. Nilimwomba aje na mimi. Nilimwambia, nisaidie nipate batoto bangu.

“Na akisema ni kifua kikuu ya sisi wote?”

Angepoteza kilasi yake, na mimi ndiye ningekuwa nimempotezea. Ilibidi ajue ni nani anayemwomba.

“Emérence, mi nilikuwa nakuombea hii,” nilisema. “Kila siku saa saba, na rozari. Niliomba Mungu akupatie bugonjwa yangu.”

Ndani Muzee Stanislas alikuwa akigonganisha vikombe.

“Basi alikusikia,” alisema, akacheka, na kicheko kikamtia kukohoa tena. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kikwembe. “Kesho saa mbili. Nitaandikia directeur kama jino inaniuma. Lakini tushuke polepole.”

Munganga wa radio alikuwa kijana, citoyen Télesphore, yaani raia, kama tulivyoitana enzi zile, mtu wa maneno machache. Aliweka picha zetu mbili kwenye kioo chenye taa, yangu kushoto, yake kulia, akazitazama mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Katika kila kifua kulikuwa na wingu jeupe upande wa titi lililokatwa. Na kila wingu lilikuwa na ukingo ulionyooka, pale ulipopita wino wa zambarau.

“Kifua kikuu haitumiake rula,” alisema mwishowe. “Hii mustari ilichorwa na mutu.”

Alituomba barua za Nairobi. Yangu ilibidi ikatolewe dispensari, lakini Emérence alikuwa na yake ndani ya kikapu, imekunjwa kwenye daftari la hesabu. Munganga aliipeleka kwa padri mmoja anayejua Kiingereza, na siku ya pili tulisomewa. Iliandikwa wazi: katika miezi ya kwanza pumzi inaweza kuwa fupi, kwa sababu miale huchoma kidogo pafu lililo nyuma yake, si kifua kikuu, haiambukizi, mgonjwa apewe kotizoni. Miezi mitatu karatasi yangu kama hiyo ilikuwa imelala kwenye faili na watoto wangu wakilala Nyangezi.

Tulikunywa vidonge vya kotizoni, vingi kwanza, halafu vichache, halafu nusu. Vilituvimbisha nyuso. Yeye alipata mashavu ya bibi harusi, mimi nikawa kama nimeumwa na nyuki. Hilo nalo lilinikera, na Cyprien alipolisema kwa sauti nilimrudishia sahani yake mezani bila nyama. Kikombe chenye uzi mwekundu nilikivunja mwenyewe. Mwezi wa sita mama mkwe akawaleta watoto. Bisimwa alijificha nyuma ya miguu ya bibi yake, hakunijua. Ilimchukua siku nne kukubali mgongo wangu, na siku hizo nne sisimulii.

Sasa, mwisho wake ni huu. Pafu la Emérence lilifunguka lote. La kwangu lilibaki na kovu, munganga anasema litabaki hivyo. Kwa hiyo leo ni mimi ninayesimama kwa Mama Rosalie na kuuliza habari za Luhwindja, mkono kwenye nguzo. Ni mimi ninayejua kesi ya shamba la Walungu tangu babu. Watu wanasema Mama Yolande amebadilika, ugonjwa umemfundisha kupenda watu. Madame Emérence akiwa peke yake anapanda moja kwa moja na kikapu chake, hasimami popote, na wameanza kunong'ona kwamba ana kiburi. Namtazama dirishani akipanda, na ningewapa sifa zangu zote wanipe miguu ile na hewa ile kwa safari moja tu.

Jumapili tunatoka misani pamoja. Tukifika kwa Muzee Stanislas, kabla sijasema kitu, kabla hata sijaanza kuhema, yeye ndiye anayesimama. Anaweka mkono kwenye nguzo ile ile na kuuliza kesi ilifika wapi, na anasikiliza, anatikisa kichwa, mpaka anaona kwa jicho la pembeni kwamba mabega yangu yametulia. Ndipo anaaga. Hana haja ya kusimama pale, na mimi najua, na yeye anajua kwamba najua. Nimemwonea wivu kwa vitu vingi, kwa jina lake kutangulia, kwa mashavu, kwa pafu. Wivu ninaomwonea sasa ni wa hiki, kwamba mimi, kama pumzi ingerudi kwangu badala yake, sidhani ningesimama.